Shaka Lenye Saini

Novemba 1970 jarida dogo la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilipigwa marufuku likiwa na umri wa mwaka mmoja. Halikuwa na kiwanda wala tangazo la biashara. Wenyewe walilipiga taipu kwenye stensili, wakalirudufu, wakalibana pini na kuliuza mkono kwa mkono. Jina lake lilikuwa Cheche, na moja ya sababu zilizotolewa za kulifunga ilikuwa hilo jina lenyewe. Wakubwa waliona limeazimwa kwa Iskra, yaani cheche, gazeti la Lenin, na kwamba lingewafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya ujamaa wake. Sababu nyingine ilikihusu chama cha wanafunzi wa kimapinduzi, USARF, kilichokuwa mmoja wa wazazi wawili wa jarida hilo: kilionekana hakina haja tena, maana Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na tawi lake palepale chuoni.

Naanza na kifo cha Cheche kwa kuwa hapo shaka lilikaa pande zote mbili za meza. Vijana walikuwa wameshuku kama ujamaa uliotangazwa Arusha Februari 1967 ulikuwa unajengwa kweli. Wakubwa nao wakawashuku vijana: huo ujamaa wao ni wa nani? Upande mmoja uliandika shaka lake, ukaliwekea majina ya wenyewe na kuliuza hadharani. Upande wa pili ulilitamka shaka lake kwa amri.

Kila anayeyakumbuka magazeti ya vyuo vya Afrika Mashariki huyasifu kwa kuhoji. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imefunika swali ninaloliona kubwa zaidi: yalihoji kwa namna gani? Kushuku nako kuna lugha yake, kuna adabu zake, na kuna njia za kukufanya vizuri na vibaya. Nimeyapima magazeti haya kwa mambo mawili ya kawaida kabisa: nani analitia saini shaka lake, na analeta nini mezani kulithibitisha. Kwa vipimo hivyo baadhi ya magazeti yanayotajwa kwa fahari yanapungua kidogo, na mengine yanapanda.

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili kimelijengea shaka nyumba yenye vyumba vingi. Kuna labda, huenda, pengine, yamkini, nadhani, sidhani, yaelekea, inasemekana, eti. Neno labda lina historia ya kushangaza. Asili yake ni Kiarabu, la budda, yaani hapana budi, haina kukwepa. Neno la hakika kabisa lilipozoea vinywa vya pwani likageuka kuwa neno la kubahatisha, huku ndugu yake, hapana budi, akibaki na uzito wake wa zamani. Nadhani najua kilichotokea, kwa sababu tunakiona kikitokea tena leo: anayesema "bila shaka atakuja" mara nyingi ndiye yule asiyejua kama mgeni atakuja. Hakika ikitamkwa kila siku bila ushahidi huchakaa, na ikichakaa huwa shaka.

Wasiwasi limetoka mahali penye giza zaidi. Ni ule mnong'ono wa Shetani kifuani mwa mtu ambao sura ya mwisho ya Kurani inafundisha kuuombea kinga. Mtoto wa chuo, na tukumbuke kwamba pwani neno chuo lilikuwa la Kurani muda mrefu kabla ya kuwa la digrii, hufundishwa pia kanuni ya mafakihi kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Aliye na hakika kwamba alitawadha, kisha akaingiwa na shaka kama udhu wake umetenguka, aendelee na sala yake. Kwa hiyo aliyelelewa na lugha hii alipanda kwenda chuo kikuu akiwa tayari na mafunzo mawili: kwamba shaka ni maradhi ya moyo, na kwamba shaka lina kanuni zake. Chuo kikuu kikamwongezea la tatu, kwamba shaka ni kazi ya mtu na linaweza kuwa ujira wake. Mafunzo hayo matatu hayakupatana kirahisi.

Miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili ni Msimulizi, lililoanza 1888 katika chuo cha misheni ya UMCA pale Kiungani, Unguja. Wengi wa vijana waliopitia Kiungani katika miaka ya awali walikuwa wametolewa kwenye majahazi ya watumwa. Walijifunza kusoma, kufundisha na kupiga chapa. Gazeti lilikusanya habari kutoka vituo vya misheni vya bara, na mwaka lilipoanza ndio mwaka Abushiri bin Salim na wenzake walipoinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani huko Pangani, moto ukaenea mrima wote. Hebu tuifikirie habari ya mwaka ule. Imetoka bara kwa miguu, imengoja upepo, imevuka kwa dau, imepita midomo kumi kabla ya kufika mezani kwa mpanga herufi. Kwa mwandishi wa namna hiyo "watu wasema" na "yasemekana" ni vipimo. Vinamwambia msomaji: hili nimeliona, na lile nimelisikia tu, ulipokee kwa mkono mmoja.

Lakini kisarufi kitenzi hicho kina hatari ndani yake. Inasemekana haina msemaji. Haisemi nani alisema, wapi wala lini. Inasema tu kwamba jambo hilo linaweza kusemwa. Mwandishi mwaminifu hulitumia neno hilo kupunguza uzito wa habari asiyoishika vizuri. Asiye mwaminifu hulitumia kujificha. Sura zote mbili tutakutana nazo tena.

Kiongozi, lililochapwa kwenye shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi 1916, sitalikalia sana. Jina lake linatangaza kazi yake. Vita vya Majimaji vilipozuka 1905, gazeti lililoishi kwa karatasi na wino wa serikali halikuwa na pa kuliweka shaka juu ya serikali hiyo. Miaka 66 baadaye, Januari 1971, wanafunzi wa Dar es Salaam walipohitaji jarida la kuchukua nafasi ya Cheche waliliita MajiMaji.

Kabla ya kufika huko kuna shaka la aina nyingine, la upole zaidi, ambalo wachambuzi wa siasa hulipita bila kulitazama. Nalo ni shaka la mwandishi chipukizi juu yake mwenyewe. Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha jarida la Penpoint mwaka 1958, na humo kizazi kizima kilijaribia kalamu. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi alivyomsimamisha Jonathan Kariara, aliyehusika na jarida hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi, naye aiangalie. Hadithi haikuwapo. Kijana alikuwa ametamka hakika mahali ambapo hakuwa nayo, kisha akalazimika kwenda kuitafuta. Matokeo yake ni hadithi ya mugumo, iliyotoka 1960. Mwaka 1965 mhadhiri wao, David Cook, alikusanya sehemu ya kazi za Penpoint kuwa kitabu, na mwandiko wa wanafunzi ukawa fasihi.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu kinaonyesha faida ya jarida la chuo ambayo magazeti makubwa hayana. Ni mahali pa kukosea mbele ya watu wachache. Toleo likirudufiwa nakala chache, mwandishi anaweza kuwa na hakika leo na kuikana muhula ujao, na wasomaji wake ni walewale anaokula nao bwaloni. Mfumo huo unamruhusu mtu kusema nadhani kwa maana yake halisi, yaani hapa ndipo nilipofika, bado natembea. Jarida lililoirithi nafasi ya Penpoint mwanzoni mwa miaka ya 1970 liliitwa Dhana. Leo dhana ni wazo au fikra iliyokomaa, lakini mzizi wake ndio uleule wa nadhani, na kwenye Kiarabu ni kukisia bila yakini. Lilitoka katika Uganda ya Idi Amin, na Oktoba 1972 Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo kilekile, alichukuliwa asionekane tena. Wakati huo kudhani tu kulikuwa na gharama.

Dar es Salaam ilikuwa na jambo lake. Chuo kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani Ubungo 1964, na tangu hapo watu wakakiita Mlimani. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wake na wa vyuo vingine vya mjini waliandamana hadi Ikulu wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walivaa majoho yao ya kitaaluma, na bango mojawapo lilidai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Lile nalo lilikuwa shaka, lakini lilikuwa shaka la mtu anayehesabu kitakachobaki mfukoni mwake. Walihoji taifa linawadai nini. Hawakuhoji taifa linaelekea wapi.

Miaka mitatu baadaye swali liligeuka, na hapo ndipo ninapoona thamani ya Cheche. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969. Wahariri walikuwa Henry Mapolu, Karim Hirji na Zakia Meghji, wanafunzi wote watatu. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, aliandika humo tangu mwanzo. USARF, iliyoundwa 1967 Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti, ilikuwa na wanachama kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo shaka lao halikuwa la Watanzania peke yao. Na halikuwa la posho wala chakula. Waliuliza kama mkulima wa kahawa na mfanyakazi wa kiwanda wameona badiliko lolote tangu Azimio la Arusha.

Septemba 1970 Cheche lilitoa toleo maalumu lililobeba makala moja ndefu ya Issa Shivji, kijana wa Kilosa aliyekuwa amemaliza kusomea sheria palepale. Makala ilihusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya, na kwangu ndiyo usemi mkubwa wa shaka uliowahi kutoka kwenye jarida la wanafunzi Afrika Mashariki. Nguvu yake haitokani na maneno ya kusitasita wala na maneno ya hasira. Inatokana na makampuni yaliyotajwa kwa majina, hisa zilizohesabiwa, mikataba iliyofunuliwa. Mabenki yalikuwa yametaifishwa, viwanda vilikuwa vimeingia chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, na mwananchi wa kawaida aliamini kwamba kilichotaifishwa sasa ni chake. Shivji akauliza: dola ikishika hisa nyingi, lakini mbia wa nje akabaki na mkataba wa kuendesha kiwanda, akauza utaalamu, akachagua mashine na mahali pa kuzinunua, anayetawala ni nani?

Swali hilo halina labda ndani yake, na bado ni shaka tupu. Hapa ndipo ninapoachana na wanaopima kuhoji kwa kuhesabu maneno ya kukisia au vichwa vya habari vikali. Labda nyingi katika maandishi yetu ni adabu tu. Mtu anaitanguliza mbele ya jambo analolijua vizuri ili asionekane anamfundisha mkubwa. Shivji aliiacha adabu hiyo akaweka tarakimu mahali pake, na tarakimu zilishuku vizuri kuliko kielezi chochote. Msomaji aliyetaka kumpinga hakuweza kumjibu kwa kumwita mchochezi. Alihitaji kuleta mikataba mingine. Na waliopinga walileta hoja. Tanzania Publishing House ilipoichapa makala hiyo kuwa kitabu 1973, iliichapa pamoja na maoni ya Rodney mwenyewe, John Saul na Tamás Szentes, watu waliokubaliana na kijana hapa, wakamkatalia pale. Shaka lake lilishukiwa nalo, kwa heshima, kwenye jalada moja.

Miezi miwili tu baada ya toleo lile, jarida likafungwa. Sisemi kwamba moja lilileta jingine, maana sababu zilizotangazwa ni zile nilizozitaja. Lakini mpangilio wa tarehe unabaki palepale kwa yeyote anayetaka kuutazama.

Baada ya sifa hizo lazima niseme pia lililokosekana, maana nawaheshimu vijana wale kiasi cha kutowafunikia. Walishuku serikali, watendaji, makampuni, mitaala, mabepari wa ndani na wa nje. Walijishuku hata wao wenyewe kama tabaka: walisema waziwazi kwamba msomi wa Mlimani anakula jasho la mkulima, wakaenda vijijini kulima. Jambo moja tu halikuguswa, nalo ni nadharia yenyewe. Jumapili kulikuwa na madarasa ya itikadi, na katika msamiati wa mapinduzi kusitasita kulikuwa dalili ya ubepari mdogo, doa la kuoshwa. Maneno yaliyotawala yalikuwa lazima, dhahiri, haiepukiki. Ukiyatazama vizuri, ni la budda ya Kiarabu iliyorudi na maana yake ya kale. Waliitumia hakika ya historia kama nyundo ya kuvunjia hakika ya serikali, na nyundo yenyewe haikupata kushukiwa.

Wakubwa nao waliwajibu kwa mtindo huohuo. Desemba 1969, Rodney alipohutubia semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati pale Dar es Salaam na kuzungumzia mapinduzi kwa ukali, The Nationalist, gazeti la TANU lililohaririwa na Benjamin Mkapa, lilitoa tahariri ya kumkemea iliyoziita hoja zake hewa moto ya kimapinduzi. Rodney alijibu kwa barua yenye jina lake kwenye gazeti lilelile. Ni vizuri kukumbuka kwamba hilo liliwezekana: tahariri kali leo, majibu yenye saini siku chache baadaye.

Kulikuwa pia na mpaka ambao haukuandikwa popote. Shaka lilipanda ngazi hadi kwa meneja wa shirika, kwa mkurugenzi, kwa waziri, kisha likasimama. Mwalimu hakuguswa, au aliguswa kwa kuitwa shahidi: viongozi wanamwangusha Mwalimu, watendaji wanayasaliti maneno ya Mwalimu. Sehemu ya heshima hiyo ilikuwa ya kweli na ilikuwa haki yake. Sehemu nyingine ilikuwa mbinu ya usalama. Hata hivyo nafikiri ilidhoofisha hoja, kwa sababu ukishakubali kwamba kosa ni la watekelezaji peke yao, huwezi tena kuuliza kama mpango wenyewe ulikuwa na ufa. Karim Hirji aliukaribia mpaka huo kuliko wengi katika makala yake kuhusu elimu ya shule na kudumaa kwa maendeleo, iliyotoka MajiMaji 1973. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ilikuwa na miaka sita tu, na ilikuwa fahari ya Mwalimu ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwalimu. Hirji aliuliza shule zinafanya nini kwa kweli, jembe la shambani likiwekwa kando ya mtihani uleule wa zamani.

Kisa cha Julai 1971 kinaonyesha jinsi saini inavyoweza kumgharimu mtu. Mwongozo wa TANU wa Februari mwaka ule ulikuwa umewakemea viongozi wenye majivuno na dharau, na wanafunzi waliusoma kwa makini kuliko walioutoa walivyotarajia. Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa serikali ya wanafunzi, DUSO, aliandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, aliyekuwa ametoka kwenye ukatibu wa TANU. Askari wa kutuliza ghasia waliingia Mlimani, Akivaga akachukuliwa na kusafirishwa Kenya. Mabishano yaliyofuata yalihusu sana lugha ya barua ile, ukali wake, kukosa kwake adabu kwa mkubwa. Ni jambo la kwetu hilo, na silidharau. Barua kwa mkubwa ina milango yake, na anayeingia bila hodi hukasirisha hata akiwa na haki. Lakini adabu ikitangulizwa namna hii, swali lenyewe hubaki nje mlangoni. Watu wakajadili namna Akivaga alivyosema. Alichokisema kikasahaulika.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Tazama majina: Cheche, MajiMaji, Umma wa Dar es Salaam uliotoka kwa Darlite, Busara ya Nairobi iliyotoka kwa Nexus, Dhana ya Makerere. Majina mazuri ya Kiswahili, na chini ya jalada ni Kiingereza. Jarida lililojiita Cheche lilitaka kuwasha nyika, lakini lugha yake ilikuwa uzio wa kuzuia moto. Mpishi wa bwalo, mtunza bustani wa Mlimani, kondakta wa basi la Ubungo, wale hasa ambao shaka lilishukiwa kwa niaba yao, hawakuweza kulisoma. Naelewa sababu. Mada zilisomwa kwa Kiingereza, vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na wanachama wa USARF kutoka Uganda, Malawi, Sudani na Ethiopia hawakuwa na Kiswahili cha kutosha. Bado najiuliza makala ya Shivji ingefanya nini kama ingefika kwenye viwanda vya Barabara ya Pugu kwa lugha ya wafanyakazi mwaka uleule.

Wala isisemwe kwamba Kiswahili hakikuwa na uwezo wa kubeba shaka la kisomi. Kwenye kilima kilekile, katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walishuku jambo lililokuwa karibu na imani: kwamba shairi bila vina na mizani si shairi. Diwani ya Kichomi ilitoka 1974, ya Malenga wa Bara 1976. Wanamapokeo waliokuwa wakiishika sheria ya utunzi kama Kaluta Amri Abedi alivyoiweka kwenye kitabu chake cha 1954 walijibu kwa nathari na kwa beti, na mabishano yakatoka kwenye majarida ya chuo yakaingia magazetini hadi kwa watunzi wasiowahi kukanyaga Mlimani. Wauza duka na makarani waliingia kwenye mjadala. Hilo ndilo shaka la Mlimani lililoshuka kilima kwa miguu yake, na liliweza kwa sababu lilisema lugha ya njiani.

Nairobi naipitia kwa haraka, ingawa inastahili makala yake. The University Platform, gazeti la wanafunzi ambalo Chelagat Mutai alikuwa mmoja wa wahariri wake, liligongana na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 Chelagat mwenyewe akaingia bungeni kuuliza kwa sauti alichokuwa ameuliza kwa maandishi. Muongo uliofuata, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, chuo kilifungwa, na kumiliki karatasi tu kuliweza kuitwa uchochezi. Kalamu nyingi zikaacha kuandika majina ya wenyewe. Siwalaumu. Mtu hatakiwi kujitoa kafara kila anapouliza swali. Lakini kuanzia hapo msomaji hakujua tena anayeshuku ni nani, wala kama ana anachokijua.

Dar es Salaam ilionyesha mwisho wa njia hiyo, na haikuwa serikali iliyoisukuma huko. Mlimani kulikuwa na gazeti la ukutani lililojulikana kama Punch, na mwenyewe akaitwa Mzee Punch. Lilibandikwa usiku, halikuwa na mhariri, halikuwa na saini. Wapo waliolitetea kama sauti huru. Lakini lilichofanya zaidi ni kuwachafua wanafunzi wa kike kwa michoro na maneno, na chombo chake kikuu kilikuwa shaka: eti fulani alionekana, inasemekana fulani anatoka na nani. Msichana aliyebandikwa ukutani hakuwa na wa kumjibu, maana kitenzi hakikuwa na mtendaji. Wenzake waliogopa kuzungumza naye, wasije wakabandikwa wao. Mapema 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusumbuliwa na wanaume wa chuoni, na nchi nzima ikauliza Punch ni nani. Waandishi wanawake wa TAMWA walilisimamia jambo hilo kwa nguvu, kwa majina yao.

Naiweka Punch kwenye ukoo mmoja na Cheche kwa makusudi, najua itawakera wengi. Zote zilitoka kwa wanafunzi, zote zilikwepa idhini ya wakubwa, zote zilitumia lugha ya kutilia mashaka. Cheche lilishuku wenye nguvu kwa jina na kwa hesabu, likafungwa kwa amri. Punch liliwashuku wasio na nguvu bila jina na bila ushahidi, likaachwa ukutani miaka kadhaa, kila asubuhi watu wakikusanyika kulisoma kabla ya vipindi. Tofauti ya maisha ya magazeti hayo mawili ni hukumu juu ya wasomaji wake na juu ya waliokuwa na uwezo wa kubandua karatasi.

Baadhi ya matoleo ya zamani yamehifadhiwa kwenye maktaba ya Mlimani, sehemu ya Afrika Mashariki. Karatasi ya kurudufu haikukusudiwa kuishi miaka 50. Wino hufifia, kingo humeguka, na herufi ambazo taipu ilizigonga kwa nguvu mno hubaki vitundu. Anayetaka kuyasoma asingoje sana.

Wahariri watatu wa kwanza wa Cheche walitawanyika. Zakia Meghji akawa waziri, na mwaka 2006 mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha. Karim Hirji akageukia takwimu za tiba, akawa profesa Muhimbili, na mwaka 2005 akachapisha kitabu kizito cha kitaalamu kuhusu namna ya kuchambua data chache kwa usahihi. Kijana aliyehariri jarida la lazima na dhahiri aliutumia utu uzima wake katika fani ambayo kila kadirio hutembea na kipimo cha jinsi linavyoweza kukosea. Mwaka 2010 alirudi kwa Cheche na kitabu cha kumbukumbu. Humo hakusimulia peke yake. Aliwaita wenzake wa zamani waeleze nao walivyoyaona mambo yale, wapi walipatia na wapi walikosea, na kila aliyeandika ameandika kwa jina lake.